Mbwa Achechemeapo Ghafla: Jicho Litangulie Mkono

Katika kambi nyingi za polisi na za jeshi nchini Uganda, mbwa ni jirani asiyeandikwa katika daftari lolote. Hulala mlangoni mwa nyumba ya bati ya mviringo, ile ambayo askari wenyewe wameipa jina la "mama ingia pole". Hula mabaki ya posho na maharagwe. Huwasindikiza watoto wanapokwenda kuteka maji. Na usiku hubweka kabla mlinzi wa zamu hajasikia lolote. Kazi hizo zote huzifanya kwa miguu yake minne. Siku mmoja wa miguu hiyo unapokataa kukanyaga chini, nyumba nzima huliona jambo hilo mara moja, lakini si kila nyumba hujua la kufanya.

Mbwa hana ulimi wa kusema palipo na maumivu. Zaidi ya hayo, ana tabia aliyoirithi kwa wazee wake wa mwituni, ambako mnyama aliyeonekana dhaifu hakukawia kushambuliwa: tabia ya kuficha maumivu kadiri awezavyo. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humwumbua. Kwa hiyo mbwa anapofikia kuchechemea mbele ya watu, hapana budi kuamini kwamba maumivu yamekwisha kumshinda. Kuchechemea ndiyo lugha yake, na ni lugha isiyojua uongo.

Hata hivyo lugha hiyo aghalabu hujibiwa vibaya, na kwa namna tatu. Wako wanaosema kwamba mbwa ni mvivu, wakamkemea au wakamfukuza kwa fimbo. Wako wenye huruma ya haraka, wanaomrukia na kuushika mguu ule unaouma kabla hawajajua unauma wapi. Na wako wanaokwenda moja kwa moja kwenye kabati la dawa za watu. Namna zote tatu zina kosa moja: mkono umelitangulia jicho. Askari hufundishwa kwamba upelelezi hutangulia mashambulizi. Kanuni hiyo yafaa pia uani mwa nyumba, mbele ya mbwa anayesimama kwa miguu mitatu.

Heshima ya mguu wa mbwa si jambo geni kwa wanausalama. Mwaka 1899, katika mji wa Ghent nchini Ubelgiji, polisi walianza kutumia mbwa kwa utaratibu maalumu katika doria za usiku. Mwaka huohuo, nchini Ujerumani, Max von Stephanitz na wenzake walianzisha chama cha kuilea jamii ya mbwa ambayo leo hujulikana duniani kote kwa jina la German Shepherd. Tangu hapo mbwa wa kunusa nyayo ameenea katika vikosi vya polisi vya nchi nyingi, Uganda ikiwa mojawapo, na jirani aliyeibiwa ng'ombe hungojea kwa hamu kumwona akishuka garini. Pua ndiyo husifiwa, lakini pua haifiki popote isipobebwa na miguu. Mbwa wa kikosi ana mtunzaji aliyefunzwa kumwangalia kila asubuhi. Mbwa wa nyumbani hana mwingine ila baba, mama na watoto wa nyumba ile.

Kazi ya kwanza, basi, ni ya jicho. Mbwa na aachwe atembee polepole, kwa hiari yake, mahali palipo tambarare, huku mtu mmoja akimwongoza kwa kamba iliyolegea na mwingine akimtazama kutoka mbele, kutoka ubavuni na kutoka nyuma. Kichwa ndicho kitakachotoa habari za miguu ya mbele. Mguu mbovu unapogusa ardhi, mbwa huinua kichwa ili kuupunguzia uzito. Mguu mzima unapogusa ardhi, kichwa hushuka. Wengi hudhani kinyume chake, nao huishia kuupekua mguu usio na neno. Kwa miguu ya nyuma hutazamwa nyonga: aghalabu upande unaouma ndio unaopanda na kushuka zaidi kuliko mwenzake.

Kisha hutazamwa namna ya kukanyaga. Mbwa aliyeinua mguu kabisa asiuguse chini si sawa na yule anayeuweka kwa ncha za vidole tu, na huyo naye si sawa na yule anayechechemea anapoamka lakini akatembea vizuri baada ya hatua ishirini. Wa kwanza aghalabu amepatwa na jambo zito na la ghafla. Wa mwisho pengine ni mzee mwenye viungo vilivyochakaa, na maradhi yake yamekuwapo kwa miezi bila mtu kuyaona.

Baada ya jicho huja swali. Je, mbwa alikuwa wapi jana jioni? Alimfukuza nani? Alirudi saa ngapi? Je, alikula asubuhi? Maswali hayo yana thamani kubwa, na mara nyingi anayeyajua majibu si mkuu wa nyumba, bali ni mtoto.

Ilikuwa hivyo katika nyumba ya sajini mmoja, katika kambi moja ya magharibi mwa Uganda. Sajini alitoka katika lindo la usiku, akamkuta mbwa wake, dume la rangi ya udongo, amesimama karibu na pipa la maji, mguu wa mbele wa kulia ukining'inia. Mbwa hakumkimbilia kama ilivyo desturi yake. Alitikisa mkia mara moja tu, akatulia. Sajini akavua kofia, akaita ndani:

"Mama watoto, hebu niletee vile vidonge vya mgongo wangu."

"Mgongo umeanza tena, baba watoto?"

"Si mimi. Mbwa huyu hawezi kukanyaga. Maumivu ni maumivu tu."

Mkewe akatoka, lakini mikono yake ilikuwa mitupu. "Mgongo ni wako, tumbo ni la mbwa," akasema kwa upole. "Vidonge hivyo hukuambiwa umpe mnyama. Kwanza tujue anaumwa wapi."

Mtoto wao wa miaka minane alikuwa amekwisha kuchuchumaa, ameunyoshea mkono ule mguu. Mbwa akatoa mngurumo mdogo, wa chini sana. Mama akamvuta mtoto kwa bega. "Mwache, mwanangu. Anakupenda, lakini leo hajui kwamba mkono huo ni wako. Anajua maumivu tu."

Mtoto akasimama nyuma ya mama yake, kisha akasema: "Baba, jana jioni alimkimbiza paka, akapita katikati ya ua wa michongoma. Akalia. Halafu akarudi akilamba mguu."

Habari hiyo moja iliwaokolea saa nzima. Sajini alimfunga mbwa mdomo kwa kitambaa, mkewe akaleta maji ya vuguvugu na tochi. Wakaanza na mguu wa kushoto, ule usio na neno, ili mbwa azoee mkono na wao wapate kipimo cha kulinganisha. Kisha wakaja kwenye mguu wa kulia. Ndani kabisa, kati ya vidole viwili, chini ya manyoya yaliyogandamana kwa udongo, palikuwa na kidoti cheusi kisichozidi punje ya ulezi. Ulikuwa ni mwiba uliokatikia ndani. Ukatolewa kwa kibanio kilichochemshwa, jeraha likasafishwa, na mbwa akalazwa kivulini. Vidonge vilibaki kabatini.

Kilichoiokoa nyumba hiyo kilikuwa utaratibu, na utaratibu huo waweza kufuatwa na nyumba yoyote. Mbwa mwenye maumivu, hata awe mpole wa miaka kumi, aweza kuuma. Kwa hiyo mdomo hufungwa kwanza kwa kitambaa laini au bandeji pana: kitambaa huzungushwa mdomoni, kikapitishwa chini ya taya, kikafungwa nyuma ya masikio. Lakini mbwa anayetapika, au anayehema kwa shida, asifungwe mdomo kamwe, kwa maana aweza kukosa pumzi. Watoto husimama mbali. Mtu mmoja hushika kichwa na kusema naye kwa sauti ya kawaida, mwingine hupapasa mguu.

Mkono huanzia chini na kupanda juu. Hutazama kucha, kwani kucha iliyopasuka hadi kwenye nyama huuma mno ingawa jeraha lenyewe ni dogo. Hupita kati ya kila vidole viwili, ambako hujificha miiba, vipande vya chupa na kupe. Huzigusa nyama za chini ya unyayo, ambazo huungua mbwa anapotembezwa juu ya lami wakati wa jua la mchana au anapokanyaga majivu yenye moto. Katika sehemu ambako funza wamezidi, kama vile baadhi ya vijiji vya Busoga, nyayo za mbwa ni makao ya wadudu hao sawasawa na nyayo za watu. Na nyumba inayowatoa funza watoto ikamsahau mbwa itawaona funza wakirudi. Ndipo mkono hupanda kwenye kifundo, kwenye goti au kiwiko, hadi kwenye nyonga au bega, ukibonyeza kidogo, ukilinganisha upande huu na ule: je, pana uvimbe? Pana joto kuliko upande wa pili? Mbwa amegeuza kichwa au ameacha kuhema ghafla? Hapo ndipo penye maumivu.

Yapo mengi yasiyoonekana kwenye unyayo. Mbwa akirudi kutoka vichakani na mguu unaovimba upesi, akawa mnyonge na kutokwa na udenda, hapana budi kudhani kwamba ameumwa na nyoka. Huyo asikatwe jeraha, asifungwe kamba mguuni, bali abebwe haraka kwa daktari. Mbwa mnene anayekimbia na kugeuka ghafla aweza kukatika ukano wa goti la nyuma, akabaki akiweka ncha za vidole tu. Aliyegongwa na bodaboda aweza kuwa amevunjika mfupa au ameteguka nyonga, na pia akawa na majeraha tumboni yasiyoonekana, ambayo ni hatari zaidi kuliko mguu wenyewe. Mbwa aliyejaa kupe aweza kupata homa inayouma viungo, akachechemea bila jeraha lolote. Kijana wa jamii ya German Shepherd aweza kuchechemea mguu mmoja leo na mwingine wiki ijayo, kwa maumivu ya mifupa inayokua. Mtoto wa mbwa aliyelishwa nyama tupu au posho tupu hukosa chokaa mwilini, na mifupa yake huvunjika kwa kuruka kitanda tu. Naye mbwa mkubwa aliyezeeka, akianza kuchechemea na kuvimba mfupa bila kuumizwa, na aonwe na daktari mapema, kwa kuwa huenda ikawa saratani ya mfupa.

Tiba ya nyumbani ni chache, na uchache huo ndio usalama wake. Mwiba unaoonekana hutolewa. Kilichozama sana huachiwa daktari. Jeraha dogo huoshwa kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Damu inayotoka hugandamizwa kwa kitambaa safi kwa dakika kadhaa bila kufunuafunua. Uvimbe mpya, usio na jeraha, huwekewa kitu cha baridi kilichofungwa katika kitambaa kwa muda wa dakika kumi hadi kumi na tano, kisha ukapumzishwa. Na kubwa kuliko yote ni kupumzika: mbwa hufungwa mahali penye kivuli na maji, hatolewi ila kwa haja zake, tena kwa kamba. Mguu ulioteguka kidogo huhitaji mapumziko ya wiki moja au mbili, wala si siku moja. Mbwa anayeonekana amepona siku ya tatu, akaachiwa kumkimbiza paka, hurudi nyumbani akiwa mbaya kuliko mwanzo.

Ama kuhusu vidonge, neno hili lisemwe bila kuzungushwa. Dawa za maumivu ambazo huuzwa katika kila duka la dawa, kama vile ibuprofen na diclofenac, zaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuziharibu figo zake, hata kwa kiasi ambacho mtu mzima hakioni kuwa kikubwa. Paracetamol nayo yaweza kuliharibu ini lake. Mbwa aliyechechemea kwa mwiba asubuhi aweza kufa wiki hiyohiyo kwa sababu ya kidonge alichopewa kwa nia njema. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na kipimo chake hutegemea uzito wake. Anayejua kuzitoa ni daktari wa mifugo.

Daktari huyo hapaswi kungojewa iwapo mguu umepinda mahali pasipo kiungo, iwapo mfupa umetokeza, iwapo damu haikomi, iwapo mguu ni baridi au umekufa ganzi, iwapo mbwa ana homa au amekataa kula, ama iwapo amegongwa na chombo chochote cha barabarani. Joto la mbwa mzima ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, yaani ni zaidi ya la binadamu, na pua yenye joto si kipimo cha kutegemewa. Hata pasipokuwa na dalili hizo, mbwa ambaye hawezi kukanyaga baada ya siku moja, au anayeendelea kuchechemea baada ya siku mbili, hana budi kupelekwa. Aliyevunjika asifungwe vijiti na mtu asiyejua, kwani kufunga vibaya huongeza kuvunjika. Alazwe juu ya ubao au blanketi lililokazwa kama machela, na kubebwa na watu wawili. Katika kila wilaya ya Uganda ipo ofisi ya mifugo, na Chuo Kikuu cha Makerere kimewafundisha waganga wa wanyama kwa miaka mingi. Kuuliza si ujinga.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linaloifanya kanuni ya jicho kuutangulia mkono iwe kanuni ya uhai. Si kila mguu usiokwenda umeumia. Kichaa cha mbwa hakianzi siku zote kwa ukali na kukimbia ovyo kama wengi wanavyodhani. Kiko kichaa cha kimya, ambacho mbwa hulegea, akayumba, miguu ikapooza, sauti ikabadilika, taya la chini likashuka, na udenda ukamtoka. Mwenye huruma humdhania kuwa ana mfupa kooni au kwamba ameteguka nyonga, akamtia mkono mdomoni. Mbwa mwenye dalili hizo, hasa yule ambaye hajachanjwa au aliyeumwa na mbwa mgeni katika miezi iliyopita, asiguswe. Afungiwe mahali, watoto waondolewe, na ofisi ya mifugo ipewe habari.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba maradhi hayo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa wa Asia na Afrika, na kwamba karibu wote huambukizwa na mbwa. Kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya hapo kinga ipo, tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, jijini Paris, mwezi Julai 1885. Mtu aliyeumwa, au aliyelambwa penye jeraha, na aoshe mahali hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, bila kungoja kuona kama mbwa atakufa. Mbwa aliyeuma akiwa angali mzima huwekwa chini ya uangalizi kwa siku kumi; lakini uangalizi huo ni kazi ya wataalamu, hauwi sababu ya mtu kuchelewa kutibiwa.

Kinga, kama ilivyo ada, ni nafuu kuliko tiba. Chanjo ya kichaa kwa wakati wake; kucha zisizoachwa kurefuka hadi zikapinda; kupe kutolewa kila wiki; chakula kisichomnenepesha mbwa kupita kiasi; uwanja uliookotwa misumari, chupa na vipande vya waya; na watoto waliofunzwa kutomgusa mbwa anayelala, anayekula, au anayeumwa. Hayo yote yanawezekana kwa mshahara wa askari wa kawaida, na mengi hayahitaji fedha hata kidogo. Yanahitaji dakika chache za jioni, mbwa akiwa amelala mlangoni, mkono wa mwenyewe ukipita juu ya miguu yote minne wakati haina neno, ili siku mmoja utakapokuwa na neno utambuliwe upesi.

Mbwa hapigi saluti, wala hana karatasi ya kuandikia. Anaposimama uani kwa miguu mitatu, hiyo ndiyo taarifa aliyoileta kwa mkuu wake. Na kila askari anajua kwamba taarifa husomwa kwanza mpaka mwisho, ndipo amri ikatolewa.